Sifa Zikaapo Mbele ya Jina

Miongoni mwa kanuni za lugha ya Kiingereza iko moja ambayo wenyewe waliozaliwa nayo huishika tangu utotoni bila ya kufundishwa, huifuata mpaka kufa kwao bila ya kuikosea, na ukiwauliza sababu yake hutazamana wakacheka. Nayo ni kanuni ya kuzipanga sifa zinazolitangulia jina. Mwingereza husema “a big old house”, nyumba kubwa kuukuu, wala hasemi “an old big house”. Na akimsikia mgeni akisema hivyo hutambua papo hapo kwamba iko kasoro, walakini kuitaja kasoro yenyewe ni ipi hawezi. Mimi niliyekipata Kiingereza darasani Tanga, kwa kukariri na kwa hofu ya fimbo, kanuni hii niliijua nusu nusu, kwa mazoea zaidi kuliko kwa maarifa, na walionitimizia nusu iliyobaki hawakuwa Waingereza, bali watu wasemao Kireno.

Nilifika Maputo katikati ya miaka ya tisini, wakati mji ule ulipokuwa ukipumua baada ya dhiki ya siku nyingi. Mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992 yalikuwa yamekomesha vita vilivyoitafuna Msumbiji karibu tangu uhuru wake wa 1975. Uchaguzi wa 1994 ulikuwa umepita salama. Mashirika ya misaada yalikuwa yamekodi majumba ya Polana na Sommerschield, na wafanyabiashara wa Afrika Kusini walikuwa wakimiminika kwa njia ya Ressano Garcia. Novemba 1995 nchi ile ikapokewa katika Jumuiya ya Madola, ya kwanza kuingia humo bila ya kuwahi kutawaliwa na Uingereza wala kufungamana nayo kwa sheria, na jambo hilo lililowashangaza wengi huko nje halikuwashangaza wenyeji hata kidogo, maana walikwisha kuona kwamba majirani zao wote wa bara, kuanzia Tanzania hadi Uswazi, huandikiana barua za kiserikali kwa Kiingereza. Basi kila mtafuta kazi akakitaka Kiingereza, na kila mwenye kazi akakitaka kwa kuogopa kuipoteza, nami nikapata chumba cha ghorofani, hatua chache kutoka barabara ya Eduardo Mondlane, nikawa nafundisha watu wazima baada ya saa za kazi.

Barabara ile yenyewe ilinifaa kama msaidizi wa mwalimu. Mondlane alizaliwa katika mkoa wa Gaza, Msumbiji, mwaka 1920 katika watu wa jamii ya Kitsonga, akasomeshwa kwa Kireno, akafika Lisbon mwaka 1950 na Chuo cha Oberlin, Marekani, mwaka uliofuata, akapata udaktari wa falsafa Northwestern mwaka 1960. Kisha akaiongoza FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, kutoka Dar es Salaam tangu kuundwa kwake mwaka 1962 mpaka alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, tarehe 3 Februari 1969. Kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji, kilichotolewa mwaka huo huo wa mauti yake, kilitoka kwa Kiingereza. Kila mwanafunzi aliponiambia kwamba ulimi uliokwisha kukomaa katika Kireno haukubali tena Kiingereza, nilimwelekeza kidole dirishani, nikamwambia asome kibao cha barabara.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wa kila kazi: karani wa reli mwenye suti moja iliyopigwa pasi kila siku, mhudumu wa mkahawa wa Baixa, mshonaji wa kike mwenye cherehani yake Xipamanine, mwanamke wa mapokezi katika hoteli, na kijana mmoja wa Mocímboa da Praia, kaskazini kabisa, ambaye nyumbani kwao husemwa Kimwani na ambaye kwa biashara za Mtwara alikuwa na Kiswahili cha kutosha. Wengine waliniita “senhor professor”, kwa taadhima ile ya Kireno isiyomwachia mtu jina lake tupu. Yeye aliingia mlangoni kwa “shikamoo, Mwalimu”, nami nikiitika marahaba darasa lilitusikiliza kama kwamba tumepeana siri.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa chepesi. Kireno, kama Kiswahili, aghalabu hutanguliza jina kikafuatisha sifa: “casa branca” ni nyumba nyeupe, neno kwa neno na kwa utaratibu ule ule. Kironga na Kichangana ni hivyo hivyo, hata mwanafunzi aliyeingia darasani na lugha tatu aliingia na mashahidi watatu wanaokubaliana dhidi ya Kiingereza. Hata hivyo walizoea upesi kulisukuma jina mwisho na kuiweka sifa mbele, kwa kuwa mtu mzima hushika kwa urahisi jambo lililo kinyume kabisa cha lake kuliko lile lililo tofauti kidogo. Kikwazo cha pili kiliwachukua muda zaidi. Sifa ya Kireno hulifuata jina lake kwa jinsia na kwa idadi, ikawa “casas brancas” na “carros brancos”. Basi wakaandika “the whites houses”, nami nikifuta ile herufi ya wingi waliniangalia kwa masikitiko. Niliwaonea huruma ya ndugu, maana nami natoka katika lugha ya kiti kikubwa na viti vikubwa, na nilipokuwa mtoto niliona ni utovu wa adabu kwa sifa kukaa na jina la wingi nayo isigeuke hata kidogo.

Kizito kilikuwa cha tatu, wakati sifa mbili au tatu au nne zinapokutana mbele ya jina moja. Kitabu tulichokuwa nacho kilitoa orodha: kwanza maoni ya msemaji, uzuri au ubaya, kisha ukubwa, umri, umbo na rangi, kisha mahali kitu kilikotoka, kisha kilichotumika kukitengenezea, na mwisho kazi yake. Herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya mafungu hayo manane hufanya neno lisilo na maana yoyote, OSASCOMP, ambalo walimu wa Kiingereza katika pande nyingi za dunia huwakaririsha wanafunzi wao, na wangu walikuwa wakilighani ngazini wanapopanda. Walilijua barabara, na dakika ile ile waliandika “a leather black bag”. Sababu yake haikuwa uvivu. Mtu anaponena hapati nafasi ya kuisimamisha kila sifa akaihoji, wewe ni umri au ni umbo, asili au kazi. Akiisha kuzihoji zote msikilizaji amekwisha kwenda zake. Fauka ya hayo vitabu vyenyewe havipatani, kwa kuwa kimoja hutanguliza umri mbele ya umbo na kingine hutanguliza umbo mbele ya umri, na mwanafunzi mwenye macho, kama alivyokuwa yule karani wa reli, akivilinganisha huuliza ni kipi kilicho kiongo.

Jioni moja mwanamke wa hotelini alikuja na karatasi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuandika katika daftari vitu vilivyosahauliwa vyumbani na wageni, na meneja mpya, aliyetoka Johannesburg, alikuwa ametoa amri daftari hilo liandikwe kwa Kiingereza. Mwenye mali alikuwa amepiga simu, akavitaja vitu vyake kwa haraka, naye akaandika kwanza kwa Kireno, akiongeza sifa nyuma ya sifa kadiri alivyoulizia na kujibiwa: “uma mala de couro italiana preta grande bonita”. Kireno cha watu wenye kuandika vizuri hakipendi mlolongo wa namna hiyo; mwandishi hodari angaliupumzisha kwa koma, au angaliihamisha sifa moja akaiweka mbele ya jina. Lakini daftari la vitu vilivyopotea si diwani ya mashairi, na mtu yeyote wa Maputo angalifahamu kwamba unatafutwa mkoba wa ngozi, wa Kiitaliano, mweusi, mkubwa, mzuri. Chini ya mstari huo alikuwa ameandika Kiingereza, neno chini ya neno: “bag leather Italian black big nice”. Alijua kwamba si sawa na kwamba jina lilitakiwa mwisho. Asilolijua ni sifa ipi aishike kwanza.

Nikayaandika ubaoni kama yalivyo. Darasa likaanza kughani lile neno lao, mmoja akisema rangi itangulie, mwingine akidai ukubwa, wa tatu akihesabu vidole. Nikawanyamazisha, nikamwambia mwenye karatasi ausome mstari wake kutoka mkiani. Akasoma polepole: “nice, big, black, Italian, leather, bag”. Akatua, akautazama ubao tena kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akatamka kwa Kireno, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwamba kumbe Waingereza husema Kireno kinyumenyume. Chumba kizima kikaangua kicheko, na kijana wa Mocímboa da Praia akanifasiria maneno hayo kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa nimeyafahamu, kwa raha tu ya kuyasema mara ya pili.

Tukajaribu mengine. “Cadeira de madeira africana antiga pequena” ikageuka “small old African wooden chair”, kiti kidogo cha kale cha Kiafrika cha mbao. “Carro desportivo italiano vermelho novo” likageuka “new red Italian sports car”, na kila mara mstari wa Kireno uliposomwa kutoka mwisho Kiingereza kilitoka kimenyooka. Ikadhihirika kwamba watu hawa hawakuwa na upungufu wa utaratibu. Walikuwa nao wote, wameuchukua vichwani tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni, ila tu hakuna aliyewaambia kwamba ndio huo huo. Jina ndilo kiini. Lililo karibu nalo kabisa ni lile ambalo ukiliondoa kitu hugeuka kuwa kitu kingine, yaani kazi yake na kile kilichotumika kukitengeneza. Mbele kidogo ni nchi kilikotoka. Mbele zaidi ni rangi, kisha umri na ukubwa, ambavyo hutegemea kipimo na jicho la mtazamaji. Na mbali kabisa, ukingoni, yamewekwa maoni ya msemaji, ambayo ni mali ya msemaji kuliko kuwa mali ya kitu. Kireno huyapima masafa hayo kwa kwenda kulia, Kiingereza huyapima kwa kwenda kushoto, na masafa yenyewe ni mamoja. Wataalamu wa isimu walikuwa wakilichunguza jambo hili, na Guglielmo Cinque, bingwa wa Kiitaliano, alilitolea kitabu kizima mwaka 2010, akizilinganisha lugha za ukoo wa Kilatini na zile za ukoo wa Kijerumani. Lakini wakati ule, Maputo, ushahidi wetu ulikuwa mkoba uliosahauliwa chumbani.

Baada ya jioni ile darasa letu lilianza kila sentensi kutoka upande wa kulia wa ubao. Jina liliandikwa kwanza, pembeni kabisa, kisha mwanafunzi aliulizwa swali moja tu: katika hizi sifa zilizobaki, ipi ni ya kitu hiki zaidi ya zote? Akiijua aliibandika kushoto ya jina, kisha akauliza tena. Mshonaji alifanya kazi hii kwa wepesi kuliko wote, kwa sababu mteja akimletea kitambaa, yeye huona kwanza kwamba ni pamba, baadaye ndipo huona kwamba ni ya maua, na uzuri wake huutaja mwishoni akiisha kukubaliana bei.

Nilitamani kuwaambia kwamba Kiswahili nacho ni kioo cha Kiingereza kama Kireno kilivyo, lakini insafu ilinizuia, maana sicho. Sisi husema mkoba mweusi wa ngozi, tukaileta rangi karibu na jina na ngozi tukaiweka nyuma. Anayesema mkoba wa ngozi mweusi hakukosea, ila maneno yake yana haraka ya sokoni. Nadhani iko hadhari katika kuitanguliza rangi. Katika ngeli nyingi upatanisho huiokoa maana, bali mtu akisema meza ya mbao kubwa, nani ajuaye kama ukubwa ni wa meza au ni wa mbao? Kireno katika mahali kama hapo kimejiandaa vizuri: “mala de couro preta” mweusi ni mkoba, “mala de couro preto” nyeusi ni ngozi, na tofauti yote ni irabu moja ya mwisho. Kiingereza kilikuwa na miisho ya namna hiyo katika zama zake za kale, kikaja kuipoteza katika karne za kati. Leo sifa yake haina alama yoyote mwilini ya kuonyesha ni ya nani, nayo haina budi kujulikana kwa mahali iliposimama. Si ajabu, kwa rai yangu, kwamba wenyewe wamekuwa wakali hivyo juu ya mahali.

Aliyetufikisha mbali zaidi alikuwa mhudumu wa mkahawa, naye alifanya hivyo kwa swali la mvinyo. Mimi si mnywaji, na kitu hicho nakijua zaidi kwa jina lake, ambalo wahenga wetu wa pwani walilipokea kutoka kwa Wareno hao hao. Lakini swali lilikuwa la haki. Orodha ya kitabu inaagiza rangi itangulie mbele ya nchi, kwa hiyo ingepasa kusemwa “red Portuguese wine”. Mbona orodha za vinywaji za wageni zimeandikwa “Portuguese red wine”? Tukaurudia mstari wa Kireno, “vinho tinto português”, tukausoma kinyume, ukatupa kile kile kilichoandikwa na wageni: kitabu kimeshindwa, kioo hakikushindwa. Sababu ni kwamba wekundu huo haukutajwa kama rangi. Kireno kina neno “vermelho” kwa wekundu wa gari na wa ua na wa damu, na kwa mvinyo kina “tinto”, maana hapo hatuelezi jicho limeona nini, bali tunataja aina ya kinywaji, na aina hukaa jirani na jina kuliko nchi. Hapo mhudumu, aliyekuwa na ujuzi wa chupa kuliko sisi sote, akaleta “vinho verde”, mvinyo wa kijani wa kaskazini magharibi ya Ureno, ambao mipaka ya mahali unapotoka iliwekwa kwa sheria mwaka 1908, na ambao ukijani wake si wa rangi hata kidogo, kwa kuwa uko mweupe na uko hata mwekundu. Na ule mwekundu Wareno huuita bila ya aibu “vinho verde tinto”, mvinyo wa kijani mwekundu. Karani wa reli alisema kwamba mzigo wenye hati kama hiyo asingeuruhusu kupita.

Siku zile nilizoea kuwasimulia habari ya J. R. R. Tolkien, kuwaonyesha kwamba walikuwa na wenzao wakubwa katika mashaka haya. Bwana huyu, profesa wa Oxford ambaye maisha yake yote yalikuwa ya lugha za kale, alimwandikia mshairi W. H. Auden mwaka 1955 kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kama saba alijaribu kutunga hadithi ya joka, na mama yake hakutoa hukumu yoyote juu ya joka ila kwamba haifai kusema “a green great dragon”, joka la kijani kubwa, bali lazima iwe “a great green dragon”. Mtoto alishangaa kwa nini, na mzee wa miaka sitini na zaidi aliyekuwa akiandika barua alikuwa angali akishangaa. Mama alikuwa na haki, kwa kuwa ukubwa hukaa mbali na jina kuliko rangi. Lakini mhudumu wetu wa mkahawa, akiwa na hoja yake ya mvinyo mkononi, alimtetea mtoto: ikiwa katika nchi ya hadithi ile wako majoka wa aina mbili, majoka makuu na majoka madogo, na hizo ndizo aina zao, basi joka kuu la rangi ya kijani ni “a green great dragon” kwa haki kabisa. Nami nilimfikiria mbwa yule wa Kizungu aitwaye “Great Dane”, ambaye akiwa mweusi husemwa “a black Great Dane”, weusi mbele ya ukuu, wala hakuna mama anayekataza. Nikaona kwamba profesa angalifurahi kukaa jioni moja katika chumba chetu.

Haikosi kusemwa kwamba kioo kina mahali kilipopasuka. Kireno huruhusu baadhi ya sifa kulitangulia jina, na zikilitangulia hugeuza maana. “Homem grande” ni mtu mkubwa wa mwili, “grande homem” ni mtu mkubwa wa heshima. “Homem pobre” hana fedha, “pobre homem” anaonewa huruma hata kama ana benki. “Carro novo” limetoka kiwandani, “novo carro” ni jipya kwangu tu, huenda likawa limezeeka mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Huu ni uzuri mkubwa wa lugha ile, kwamba nyuma ya jina umewekwa ukweli wa kitu na mbele yake umewekwa moyo wa msemaji. Mwanafunzi akihamia Kiingereza hunyang’anywa uzuri huo, kwa kuwa huko sifa zote zimelundikwa upande mmoja, na tofauti hizo hutafutiwa maneno mbalimbali, “big” kwa mwili na “great” kwa heshima, au huachwa bila ya kutofautishwa. Mshonaji alimwandikia rafiki yake aliyekuwa Durban, akaanza “my old friend”, kisha akaichana barua asiipeleke, kwa kuogopa kwamba amemwita mwenziwe bibi kizee. Kwa Kireno “velha amiga” ni rafiki wa tangu zamani na “amiga velha” ni rafiki aliyezeeka, wala mtu hawezi kuzichanganya. Nilimwambia aandike tena barua yake vile vile, kwa sababu Mwingereza naye ameridhika kubahatisha.

Kilichobaki kilikuwa cha vitu vidogo vinavyokera. Kireno huunganisha jina na jina kwa “de”, mfano wa vile sisi tunavyotumia “ya” na “la” na “cha”, bali Kiingereza hulichukua jina la pili likawekwa mbele kama sifa, na likiisha kukaa hapo huvuliwa wingi wake. “Loja de sapatos”, duka la viatu, huwa “shoe shop”, kama kwamba duka zima linauza kiatu kimoja. “Hotel de cinco estrelas” huwa “five-star hotel”, na ile nyota pekee ilimuudhi mwanamke wa mapokezi, aliyeona hoteli yake imepokonywa nyota nne. Kadhalika walipenda kuziunganisha sifa kwa “and”, kwa mazoea ya “e” ya Kireno, wakaandika “a beautiful and big room”. Niliwafundisha kwamba rangi mbili huunganishwa, “black and white”, na kwamba sifa zikija baada ya kitenzi huunganishwa zote, “the room is big and beautiful”. Na anayeona sifa zimemzidi mbele ya jina azihamishie huko nyuma ya kitenzi, ambako utaratibu haumbani sana.

Shauri hilo la mwisho nalipenda kuliko kanuni zote, na watunga mitihani hawalipendi. Karatasi za mtihani zilizotufikia zilimtaka mtahiniwa apange sifa tano au sita mbele ya jina moja, katika sentensi ambazo mimi sijapata kuzisikia kinywani mwa mtu aliye hai, awe bwana wa London au mchuuzi wa Soweto. Watu husema sifa moja. Mara nyingine mbili. Wakikasirika au wakiuza kitu, tatu. Mwenye kuziweka sita amejaza daftari la vitu vilivyopotea, na hata huko si kwa hiari yake.

Mwisho wa mwaka mshonaji alitujia na mbwa mwitu. Mwanawe alikuwa ametazama kwa jirani ile filamu ya Walt Disney ya mwaka 1933 ya nguruwe watatu, akamwuliza mama yake mbona yule mnyama huitwa “the big bad wolf”, ilhali ubaya ni maoni na ukubwa ni kipimo, na maoni hutangulia? Nilitoa jibu lililokuwa tayari kwangu, kwamba Kiingereza kina mwendo wa irabu ambao nao ni wa siri, ambapo sauti ya “i” hutangulia “a” na “o”, ndiyo sababu husemwa “tick-tock” na “zigzag” wala haisemwi kinyume, na kwamba hapo sikio limeishinda akili. Karani wa reli akatikisa kichwa. Akasema, kwa Kiingereza chake cha tahadhari, kwamba kwa Kireno mnyama huyo huitwa “o Lobo Mau”, Mbwa Mwitu Mbaya, kwa herufi kubwa, kila mtoto wa Lisbon na wa Rio na wa Maputo humwita hivyo hata kabla ya kumwona. Kwa hiyo ubaya si maoni yetu juu yake, ni jina lake, nalo limeshikamana naye kama wekundu ulivyoshikamana na mvinyo, na ukubwa umekuja baadaye kutoka nje. Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi, na mpaka leo sijui kama yanawafaa wataalamu, lakini nayapenda kuliko yangu.

Hapo mwanamke wa hotelini, aliyekuwa ameshachoka na mbwa mwitu, akanyoosha mkono, akauliza ni lini husemwa “do” na ni lini husemwa “make”, maana kwa Kireno yote mawili ni “fazer”, na kila alilomwambia meneja wake juma lile lilikuwa kosa. Nikachukua dasta nikafuta ubao.